Jinsi ya kujenga jina la kitaaluma mtandaoni, kwa mfano wa mhasibu wa kodi

Mtu akipewa namba yako na rafiki yake, mara nyingi hapigi papo hapo. Anaisevu, anatazama picha yako ya WhatsApp, anaandika jina lako Google, kisha Instagram. Kama ni ofisi inayotafuta mtu wa kudumu, itapitia na LinkedIn. Uamuzi wa kukupigia au kukuacha unafanyika hapo, na wewe huna habari. Kujenga jina la kitaaluma mtandaoni ni kuandaa atakachokikuta mtu huyo. Idadi ya wafuasi ni habari nyingine kabisa: wapo wenye laki moja wasiopata kazi, na wapo wenye mia sita ambao mwezi wa sita mzima hawashiki simu kwa wingi wa wateja.

Mifano ya humu ni ya mhasibu wa kodi anayehudumia wafanyabiashara wadogo Dar es Salaam. Kazi yake ina kalenda, ina sheria, na wateja wake wana maswali kila siku. Mkadiriaji majenzi, afisa lishe au fundi umeme mwenye leseni ya EWURA atabadilisha mifano. Hatua zitabaki zilezile.

Anza na sentensi moja

Kabla hujagusa akaunti yoyote, chukua karatasi uandike unamsaidia nani, kwa tatizo gani, wapi. Kwa mfano: "Nawasaidia wenye maduka ya jumla na hardware Dar es Salaam kutunza hesabu na kuwasilisha ritani za VAT kwa wakati." Ritani ni taarifa ya kodi inayopelekwa TRA, mamlaka ya mapato, na VAT ni kodi ya ongezeko la thamani. Sentensi yako msomee mtu asiye mhasibu. Akikuuliza "kwa hiyo hasa unafanya nini?", irudie.

Wengi wanaogopa kubana hivi, wakidhani watawafukuza wateja wengine. Hali halisi ni kinyume chake. Mwenye duka la vipodozi Tegeta akiona unaielewa VAT ya duka la jumla Kariakoo, atakuamini na yake. Anayepotea ni mtu aliyekuja kwa ajili ya kodi, akakuta Jumatatu VAT, Jumanne mapishi, Jumatano maneno ya kutia moyo, Alhamisi kiwanja kinauzwa Kigamboni. Huyo hakumbuki tena ulikuwa nani. "Mhasibu, mjasiriamali, MC na mhamasishaji" kwenye mstari mmoja kunaleta matatizo hayohayo.

Jitafute kabla hujatafutwa

Fungua kivinjari cha simu kwenye hali ya faragha, ili Google isikuonyeshe matokeo yaliyopangwa kwa historia yako, halafu tafuta jina lako kwa njia tatu: majina mawili, majina matatu, na jina pamoja na kazi yako. Pitia kurasa mbili za kwanza na sehemu ya picha. Andika kila unachokiona ambacho usingependa mteja akione.

Facebook ina mpangilio, ndani ya faragha, unaofanya machapisho yako yote ya zamani yaonekane na marafiki tu kwa mguso mmoja. Tumia huo badala ya kufuta moja moja ya mwaka 2012. Kwenye Instagram ficha picha za zamani kwenye hifadhi badala ya kuzifuta, maana zikifutwa na muda wa kuzirudisha ukipita, ndiyo basi. Halafu nenda kwenye mipangilio ya kutajwa na kuwekewa tagi, uweke kwamba lazima uidhinishe kwanza. Picha inayomharibia mtu mara nyingi imewekwa na rafiki yake usiku wa harusi.

Simba na Yanga? Shabikia. Ila kumbuka nusu ya Kariakoo ni ya upande wa pili, na matusi ya usiku wa dabi hubaki kwenye skrinishoti za watu baada ya wewe kuyafuta.

Kama jina lako wanalo watu wengi, ongeza jina la kati au herufi yake, ulitumie hivyohivyo kila mahali, mpaka kwenye barua pepe. Jina la akaunti lisizidi herufi 15, kwa sababu hicho ndicho kikomo cha X (zamani Twitter), na ukitaka jina moja kote itabidi uheshimu kikomo kifupi kuliko vyote. Usiweke mistari ya chini wala tarakimu. Kipimo chake ni simu: mtamkie mtu mara moja, ukiwa kwenye daladala yenye kelele, akiweza kuliandika bila kukuuliza tena, limefaa.

Kurasa mbili, pamoja na WhatsApp

Mtu mmoja mwenye kazi yake hawezi kuendesha kurasa tano. Chagua mbili. Wateja wako wakiwa kampuni, mashirika na ofisi za ukaguzi, LinkedIn iwe ya kwanza. Wakiwa wenye maduka, Instagram au TikTok. Facebook bado ina nguvu mikoani na kwenye magrupu ya biashara, watu wa mjini wanaidharau bure.

Akaunti hizi zote ni nyumba za kupanga. X ilifungiwa Tanzania Mei 2025, na waliokuwa wamejenga kila kitu humo wakabaki na wafuasi wasiofikika. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza tunza orodha yako mwenyewe ya majina, namba na barua pepe za watu waliokubali uwaandikie. Jedwali la kawaida la kwenye simu linatosha.

Picha ya wasifu

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Picha ya kitambulisho inamfanya mtu aonekane mshtakiwa, na ya harusi iliyokatwa inaacha bega la mtu mwingine.

Huhitaji studio. Simama ukitazama dirisha kubwa au mlango ulio wazi, hatua moja au mbili kutoka kwenye mwanga, taa za ndani zikiwa zimezimwa. Saa moja hadi saa tatu asubuhi, au saa kumi na moja jioni, jua linakuwa laini. Saa sita mchana linatengeneza vivuli vyeusi chini ya macho na pua. Mpe mtu simu atumie kamera ya nyuma, akiwa mbali kiasi cha mita moja na nusu hadi mbili, na akuze mara mbili kama simu yako inaruhusu. Kamera ya mbele ikiwa karibu inanenepesha pua na kurudisha masikio nyuma. Afute kioo cha kamera kwanza. Jasho la kidole peke yake linatia ukungu.

Ukuta mweupe unaong'aa nyuma yako ni tatizo kwa ngozi nyeusi. Simu inapima wastani wa mwanga wa picha nzima, inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso wako unazama kwenye giza. Chagua ukuta wa kijivu, kijani au matofali, kisha mpiga picha aguse uso wako kwenye skrini ili kamera ipime mwanga hapo, na apandishe mwangaza kidogo kwa kidole. Zima kabisa kile kichujio cha urembo. Kinapausha ngozi na kulainisha mikunjo, mteja akija ofisini anamtafuta mtu mwingine.

Kata picha uso na mabega vijae. Ihamishe kwa kebo au kwa barua pepe. Ukiipitisha WhatsApp, itume kama waraka, kwa sababu ikipita kama picha ya kawaida inabanwa na kupoteza ubora. LinkedIn inapendekeza angalau pikseli 400 kwa 400. Kava yake ni 1584 kwa 396, na hapo weka kazi unayofanya na mji, maneno yakiwa upande wa kulia, kwa sababu picha yako inafunika pembe ya kushoto chini. Picha hiyohiyo moja iende kila ukurasa, WhatsApp ikiwemo.

Maneno ya wasifu

LinkedIn inakupa herufi 220 chini ya jina. Watu wanaacha cheo na jina la mwajiri, na siku wakiacha kazi wanabaki watupu. Andika hivi:

"Mhasibu wa kodi, CPA(T) | VAT, PAYE na ritani za mwaka kwa maduka ya jumla na hardware | Dar es Salaam"

Maneno haya ndiyo yanayotafutwa. Hakuna anayeandika "mtaalamu mwenye shauku ya suluhu bunifu" kwenye kisanduku cha kutafutia. Kama wateja wako ni mashirika ya kimataifa, mstari huu uandike Kiingereza, maana wao wanatafuta kwa Kiingereza. Machapisho yako yanaweza kubaki Kiswahili.

Sehemu ya kujieleza ina nafasi ya herufi 2,600, lakini msomaji anaona mistari michache tu mpaka abofye. Mistari hiyo isianze na ulizaliwa wapi wala ulisoma chuo gani. Ianze na tatizo la mteja: amepata barua ya makadirio ya kodi, hajui aanzie wapi. Kisha unachofanya, kwa hatua. Kisha mifano ya kazi kwa tarakimu bila kutaja majina. Mwisho, namna ya kukupata. Kwenye uzoefu, "nilihusika na masuala ya kodi" ni maneno matupu. "Niliandaa ritani za VAT za kila mwezi kwa matawi manne na kulinganisha risiti za EFD na daftari la mauzo" ni kazi mtu anaweza kuipima (EFD ni mashine ya risiti ya kielektroniki).

Kiungo cha LinkedIn huja na tarakimu nyingi mwishoni mwa jina. Kibadilishe kwenye mipangilio ya wasifu wa umma kiwe jina lako tu. Kama umeajiriwa, kabla ya kuhariri chochote zima kitufe kinachowatangazia watu mabadiliko yako. Ukiacha wazi, bosi anapata taarifa kwamba unapamba wasifu, na atajijazia mwenyewe sababu.

Instagram ina herufi 150 za bayo, hivyo kila neno lilipiwe kodi. Siri iko kwenye kisanduku cha jina, kile kilicho juu ya bayo: maneno yake yanaingia kwenye utafutaji. Weka jina lako pamoja na "Mhasibu wa Kodi Dar". Viungo vinaruhusiwa hadi vitano. Weka viwili, WhatsApp na LinkedIn. Geuza akaunti iwe ya kitaalamu, bila malipo, ili uone takwimu.

WhatsApp ndiyo kaunta yako

Mazungumzo ya kazi, bei na malipo, Afrika Mashariki yanamalizikia WhatsApp. Hamia WhatsApp Business, ujaze eneo la ofisi, saa za kazi na maelezo. Tengeneza kiungo cha moja kwa moja kwa muundo wa wa.me/2557XXXXXXXX. Namba inaanza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Viungo vingi vilivyokufa kwenye bayo za watu vimeandikwa wa.me/07, na mwenyewe hajui kwa sababu hajawahi kukibofya akitumia simu ya mwingine.

Weka ujumbe wa kukaribisha. Unatumwa wenyewe kwa mtu anayekuandikia mara ya kwanza, au aliyekaa kimya siku 14. Uwe mfupi na uombe taarifa unazozihitaji: "Karibu. Tafadhali niandikie: 1) aina ya biashara, 2) uko mkoa gani, 3) umesajiliwa VAT au la, 4) swali lako. Najibu Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni." Hapo umeokoa robo saa ya "mambo", "poa", "samahani nina swali".

Stetasi zako wanaziona waliosevu namba yako na wewe umewasevu. Ujumbe wa orodha ya matangazo, ambayo inachukua hadi watu 256, unawafikia waliokusevu tu. Kwa hiyo kila mteja mpya mwombe asevu namba, na wewe umsevu siku hiyohiyo kwa jina na kazi: "Mama wa vitenge, VAT".

Nini cha kuandika

Kwa wiki mbili, kila mtu anayekuuliza swali la kazi, andika swali lake kwa maneno yake mwenyewe. Usilisafishe. Mteja haulizi kuhusu "uzingativu wa kodi", anauliza "mashine imekufa, niuze au nifunge?" na "TRA wamenikadiria kubwa, nifanyeje?". Maneno hayo ndiyo vichwa vya machapisho yako, kwa sababu mwenzake mwenye shida hiyo anaandika maneno hayohayo akitafuta.

Nusu ya pili ya mada inatoka kwenye kalenda. Kwa Tanzania Bara, PAYE (kodi ya mishahara) na SDL (tozo ya mwajiri ya kuendeleza ujuzi) hulipwa kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata kupita, na ritani ya VAT ni tarehe 20. Mwenye mwaka wa hesabu unaoishia Desemba anawasilisha makadirio ya kodi ya mapato kufikia 31 Machi, analipa kwa awamu nne, na ritani yake ya mwaka ni 30 Juni ya mwaka unaofuata. Chapisha siku nne au tano kabla. Ukumbusho wa tarehe 20 asubuhi ni wa kujionyesha tu, kwani mtu hana tena muda wa kukusanya risiti.

Katikati ya Juni husomwa bajeti, na hapo kila mhasibu hukimbilia kuandika. Kuwa mwangalifu. Hotuba ni mapendekezo. Muswada wa Sheria ya Fedha unaweza kubadilishwa bungeni kabla haujapita na kuanza kutumika 1 Julai. Andika "limependekezwa" mwezi Juni, kisha rudi Julai ukiwa na sheria yenyewe mkononi useme kilichopita na kilichoanguka. Wa Juni ni wengi. Hilo chapisho la Julai ndilo linalohifadhiwa na watu na kutumiwana kwenye magrupu, na karibu hakuna anayeliandika.

Tazama chapisho moja kwa karibu:

"Umeuza mzigo kwa 118,000, VAT ikiwa ndani. VAT hapo ni shilingi ngapi?

Wengi wanapiga 118,000 mara 18% na kupata 21,240. Wamejizidishia 3,240.

Bei yenye VAT ndani igawanye kwanza kwa 1.18. Unapata 100,000. Kinachobaki, 18,000, ndicho VAT.

Hii ni Tanzania Bara, kwa kiwango cha kawaida cha 18%. Zanzibar ni 15%, gawanya kwa 1.15."

Mstari wa kwanza ni swali lenye tarakimu, na unaonekana wote kabla ya kitufe cha kuendelea kusoma. Kosa limeonyeshwa kwa hesabu, mtu anaweza kuchukua kikokotoo akajaribu. Mstari wa mwisho unataja eneo. Huo usiuache kamwe: Kiswahili kinasomwa na Mkenya pia, ambaye VAT yake ni 16% na PAYE yake ni tarehe 9. Ukiandika "PAYE ni tarehe 7" bila kusema wapi, maoni yatajaa masahihisho na ujuzi wako utaonekana wa kubahatisha. Na hakuna "nipigie sasa" mwishoni. Namba iko kwenye wasifu.

Chapisho hilohilo ligeuze picha nne au tano za kusogeza kwa ajili ya Instagram, pikseli 1080 kwa 1350, wazo moja kwa kila picha, herufi kubwa za kusomeka simu ikiwa imenyooshewa mkono. Maneno yakae mbali na kingo, kwa sababu gridi ya wasifu inakata pembeni. Picha hizo ukizihifadhi kama PDF zinaingia LinkedIn kama waraka wa kufunguliwa ukurasa kwa ukurasa. Kazi moja, sehemu mbili, na stetasi ya tatu.

Kiasi: machapisho mawili kwa wiki, kwa miezi sita, yanashinda machapisho ya kila siku kwa wiki tatu kisha kimya. Yaandike yote Jumamosi kwa saa mbili. Programu za akili bandia zinaweza kukupangia hoja, lakini ukichapisha zilichotoa bila kugusa, Kiswahili kinanuka tafsiri na tarehe zinaweza kuwa za nchi nyingine. Hakiki kila tarakimu kwenye sheria au kwenye tangazo la TRA lenyewe.

Video si lazima. Ukifanya, sekunde 60 hadi 90, simu ikiwa wima, maikrofoni ya earphone za waya karibu na kola, feni imezimwa, chumba chenye mapazia au godoro ili sauti isirudi. Watu huvumilia picha mbaya kuliko sauti mbaya. Weka maandishi ya unachosema, kwa kuwa wengi wanatazama bila sauti. Yale yanayojitengeneza yenyewe hukosea Kiswahili, "ritani" inageuka vioja, hivyo yasome kabla ya kuweka.

Sehemu ya watu

Dakika ishirini kwa siku, jibu maoni na wewe ukatoe maoni kwa wengine. Maoni ya "umenena" hayana faida kwa mtu. Ongeza kitu: kifungu, tarehe, mfano unaopingana. Chagua kurasa kumi ambazo wateja wako wanazifuata, za wauzaji wa vifaa vya ujenzi, za vyama vya wafanyabiashara, za mawakala wa forodha, na uwe mtu anayejibu vizuri pale. Mara nyingi kazi zinatoka kwenye maoni uliyoyaacha kwa mwingine.

Shuhuda usiziandike mwenyewe. Ukimaliza kazi, wakati mteja bado ana furaha, mwombe aandike sentensi mbili LinkedIn au Google: alikuwa na tatizo gani, likaishaje. "Ni mtu mzuri sana, Mungu ambariki" ni dua njema, lakini haimsaidii anayetafuta mhasibu.

Mipaka ya bodi, sheria na mwajiri

Andika CPA(T), cheo cha mhasibu aliyethibitishwa, kama umesajiliwa NBAA, bodi ya wahasibu, na jiite mshauri wa kodi kama usajili wako TRA upo. Kanuni za kimataifa za maadili ya wahasibu zinakataza kutia chumvi uwezo wako na kubeza kazi za wenzako, kwa hiyo "sisi ni namba moja" na "achana na wahasibu feki" vyote vinakuweka pabaya. Mawakili na madaktari wana masharti makali zaidi ya kujitangaza. Wasome ya bodi zao kwanza. Na usidokeze hata kwa utani kwamba una mtu wako TRA. Mteja wa maana anakimbia, anayebaki ni yule atakayekuingiza matatani.

Taarifa za mteja hazichapishwi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Kenya ina yake tangu 2019, na inauma: mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alitoza baa moja shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa, na shule moja 4,550,000 kwa picha za wanafunzi. Skrinishoti ya "mteja wangu kafurahi" ina jina, picha na namba. Risiti ina TIN, namba ya mlipakodi. Ukilazimika kuionyesha, funika kwa kisanduku cheusi kizima, kisha piga skrinishoti ya hiyo picha iliyofunikwa uitumie hiyo. Kalamu ya kupaka ya kwenye simu mara nyingi inapitisha mwanga kidogo, na mtu akiongeza mwangaza wa picha tarakimu zinajitokeza.

Kama umeajiriwa, soma mkataba na sera ya mitandao ya ofisi. "Maoni haya ni yangu binafsi" kwenye bayo hayakulindi ukitoa siri ya mteja wa mwajiri. Na kama unataka kutoa habari na matukio kwa kawaida, si elimu ya fani yako tu, angalia kanuni za maudhui ya mtandaoni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kuhusu leseni kabla ya kuanza.

Namba za kufuatilia, na matangazo ya kulipia

Kila anayekuandikia muulize: "Umenipata wapi?" Andika tarehe, chanzo, swali, na kama alilipa. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litakuonyesha jambo ambalo likes haziwezi, labda kwamba chapisho lililopata likes tisa limeleta wateja wawili. Kwenye Instagram tazama waliohifadhi na waliotuma kwa wengine. LinkedIn, vyeo vya waliotembelea wasifu wako.

Wafuasi wa kununua wanaua akaunti. Hawabofyi chochote, mtandao unaona machapisho yako hayavutii hata wafuasi wako, unapunguza kuyaonyesha kwa wengine. Na macho ya mteja hayadanganyiki: wafuasi elfu ishirini, likes sita.

Matangazo ya kulipia yasubiri mpaka uwe na chapisho lililoleta maswali lenyewe. Hilo ndilo la kusukuma, kwa shilingi 5,000 hadi 10,000 kwa siku, siku tano, Dar peke yake, kiungo kikienda WhatsApp. Chapisho lisiloeleweka ukililipia linafika kwa watu wengi zaidi ambao hawatalielewa.

Maswali ya bure

Jina likianza kukua, "naomba ushauri tu" zitafurika. Weka mpaka mapema. Swali ambalo jibu lake linafaa watu wengi, lijibu hadharani bila jina la aliyeuliza, limekuwa chapisho. Swali linalohitaji ufungue nyaraka za mtu ni kazi, na lina bei. Hifadhi majibu ya haraka kwenye WhatsApp Business: "Asante kwa swali. Ili nikujibu kwa uhakika nahitaji kuona barua ya makadirio na mauzo ya miezi 12. Mapitio hayo ni shilingi ___, yanachukua siku mbili za kazi, malipo kabla ya kuanza." Bei iwe wazi. "Njoo tuongee" inamfanya mtu adhani bei inategemea sura yake. Ndugu na jamaa watakuomba vilevile. Amua punguzo lao mapema na ulitaje kama punguzo, wajue thamani ya walichopewa.

Ulinzi wa akaunti

Akaunti ya miaka mitatu inaweza kuondoka kwa dakika moja. Ujanja unaotumika sana ni ujumbe kutoka kwa mtu unayemfahamu, ambaye tayari ameibiwa yake: "Samahani, nimetuma namba fulani kwako kimakosa, nirudishie." Hiyo ni namba ya kuingilia kwenye akaunti yako. Usiitume kwa yeyote. Washa uthibitisho wa hatua mbili kila mahali. WhatsApp ina PIN ya tarakimu sita na sehemu ya barua pepe ya kuirudishia, jaza zote mbili. Kwa Instagram na LinkedIn tumia programu ya kutengeneza namba badala ya SMS, maana laini ikiibiwa au ikirudishwa sokoni na kampuni ya simu kwa kutotumika, SMS zinaenda kwa mwenye laini mpya. Nenosiri la barua pepe lisifanane na jingine lolote, kwa kuwa anayeishika barua pepe anabadilisha yote yaliyobaki. Zile namba za dharura ambazo Instagram inakupa zichape kwenye karatasi, uziweke pamoja na vyeti vyako, nje ya simu.